Maswali na Majibu: Modemu, Faksi na Kasi Iliyoandikwa Kwenye Boksi

Juzi nilitaja faksi hapa kwa sentensi moja tu, nikasema bado zipo ofisi za Nairobi zisizoweza kuishi bila mashine hiyo. Barua zilizofuata sikuzitarajia. Nimechagua zile za kasi na viwango, za faksi na za modemu zile za kupiga simu, yaani vifaa vinavyogeuza data ya kompyuta kuwa milio ya simu, nikazifupisha. Majina nimeyaondoa, mitaa nimeiacha.

Fundi, ofisi yetu ya mawakili imehamishwa kutoka laini ya shaba hadi fiba. Simu zinasikika vizuri kuliko zamani, ila faksi imetushinda. Inapiga, ya upande wa pili inajibu, zinasalimiana, halafu karatasi ikianza tu inakatika. Mtoa huduma anasema mashine ni mbovu, fundi wa mashine anasema laini ndiyo mbovu. Nimwamini nani? (Karani, Upper Hill)

Karani, hao wawili wanakurushia mpira. Mashine ni nzima, na laini ni nzima kwa sauti ya mtu. Lakini umeandika jambo moja linaloniambia karibu kila kitu: zinasalimiana, kisha zinakatika karatasi ikianza.

Faksi za ofisini karibu zote ni za Kundi la 3, kiwango kilichopitishwa mwaka 1980 na CCITT, ile kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu ambayo siku hizi ni ITU-T kule Geneva. Mashine hizi huongea kwa kasi mbili. Salamu, yaani kujitambulisha, kuambiana nani anaweza nini, na mwishoni kuthibitisha kwamba ukurasa umefika, hufanywa kwa biti 300 tu kwa sekunde, kwa kiwango cha V.21. Ni polepole mno, na kwa sababu hiyo hupenya hata laini ya ovyo. Ukurasa wenyewe ndio husukumwa kwa mbio: biti 9,600 kwa sekunde kwa V.29, au 14,400 kwa V.17. Kwa hiyo salamu zikipita na ukurasa ukakwama, ujue njia inabeba milio ya polepole na inaivuruga ile ya kasi.

Kwa nini fiba ivuruge? Kwenye fiba simu yako hukatwakatwa kuwa pakiti, na kwa kawaida kila pakiti hubeba milisekunde 20 za sauti. Moja ikipotea njiani, mtu anayesikiliza hata hashtuki. Kwa faksi iendayo kwa 9,600, milisekunde 20 ni biti 192, na picha yenyewe imeshabanwa, kwa hiyo biti moja ikiharibika huondoka na mstari mzima. Tena kuna kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data. Watoa huduma wengine hubana sauti kwa G.729, inayoishusha hadi kilobiti 8 kwa sekunde kwa kuiga namna koo na mdomo wa binadamu unavyotoa sauti. Faksi haina koo. Kinachotokea upande wa pili ni uji.

Mpigie mtoa huduma, lakini usimuulize kama laini ni nzima, maana atakujibu ndiyo. Muulize kama namba ya faksi inatumia G.711, ambayo hupitisha sauti kwa kilobiti 64 bila kuibana hivyo, na kama T.38 imewashwa kwenye kile kisanduku alichowawekea. T.38 ni kiwango cha mwaka 1998 kilichotengenezwa kwa ajili ya shida yako hii hii: kisanduku huifungua faksi palepale ofisini, hutuma data yenyewe kwa pakiti, na kifaa cha upande wa pili huigeuza tena kuwa milio. Aliyepokea simu akikwambia hajawahi kusikia T.38, omba kwa upole uunganishwe na mtu mwingine.

Kwenye mashine yako, ingia kwenye mipangilio ushushe kasi ya kutuma hadi 9,600, na kama ina Super G3, ile faksi ya kasi ya juu zaidi, uizime. Kisha kuna kitu kinaitwa ECM. Hiki huukata ukurasa vipande vidogo vya baiti 256 au 64, na kila kipande kilichoharibika huombwa tena. Mafundi wengi watakwambia uzime ECM mara moja. Mimi, kwa hati za mahakama, ningeiacha kwanza. Afadhali ukurasa ukawie kuliko tarakimu moja ya namba ya shamba kumezwa na mstari mweupe. Ila kama kila ukurasa unarudiwa na kurudiwa hadi simu inakatika, basi izime, tuma, halafu mpigie uliyemtumia akusomee tarakimu zote.

Modemu yangu ya zamani iliandikwa 56K kwenye boksi. Nyumbani nilikuwa naona 31,200, siku nyingine 28,800, na mvua ikinyesha 19,200. Je, tuliibiwa? (Mzee, Buruburu)

Hamkuibiwa, mzee, ila mliuziwa dari mkadhani ni sakafu.

Laini ya simu ilijengwa kwa mazungumzo. Hupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, basi. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo kinachotokana na upana wake na kelele zilizomo. Ukipiga hesabu hiyo kwa laini ya simu ambayo nguvu ya sauti ni mara 1,000 hadi 3,000 ya kelele, utapata kati ya biti 31,000 na 36,000 kwa sekunde. Kiwango cha V.34 kilitoka mwaka 1994 kikiwa na 28,800, na mwaka 1996 kikapandishwa hadi 33,600. Hapo wahandisi walikuwa wamegonga ukuta, au karibu.

Hiyo 56,000 basi ilitoka wapi? Ilitokana na ujanja. Kwenye mitambo ya kisasa, sauti yako ikifika tu kituo cha simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Jumla kilobiti 64. Upimaji huo wenyewe huingiza kelele, maana thamani halisi inakadiriwa kwenye ngazi iliyo karibu. Mtu akauliza: itakuwaje kama kampuni ya intaneti itaunganishwa na kituo kwa njia ya kidijitali moja kwa moja, bila kupimwa? Ikiwa hivyo, kushuka kuja kwako hakuna kelele ya upimaji, na modemu yako inaweza kuzitambua zile ngazi moja moja. Si zote, kwa sababu zile ndogo kabisa zimebanana mno, kwa hiyo wakahesabu biti 7 badala ya 8. Mara 8,000 kwa 7 ni 56,000. Kupanda kutoka kwako sauti bado ilipimwa kama kawaida, ndiyo maana kutuma kulibaki 33,600 hadi kiwango cha V.92 kilipokuja mwaka 2000 na kukipandisha hadi 48,000.

Kwanza kulikuwa na ugomvi. Kampuni ya US Robotics ilileta njia yake ya 56K, X2, kampuni za Rockwell na Lucent zikaleta K56flex, na modemu za kambi moja hazikuelewana na za nyingine kwa kasi hiyo. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 ndicho kilichowapatanisha. Huko Marekani hata baada ya hapo hakuna aliyeona 56,000, kwa kuwa sheria ya nguvu ya umeme kwenye laini iliwafungia kwenye 53,300 hivi.

Sasa turudi kwako. V.34 hupanda na kushuka kwa hatua za 2,400. V.90 hupanda kwa hatua za 1,333 na ushei: 28,000, 29,333, 30,667, 32,000 na kuendelea. Tazama namba zako. 31,200 imo kwenye ngazi ya V.34 na haimo kabisa kwenye ya V.90. Vivyo hivyo 28,800 na 19,200. Kwa maneno mengine, modemu yako haikuwahi hata siku moja kuunganishwa kwa V.90. Huenda laini yako iligeuzwa mara mbili kati yako na kituo, labda kwa sababu jozi moja ya shaba ilikuwa imegawiwa wateja wawili kwa kifaa cha kielektroniki. Huenda kampuni yako ya intaneti haikuwa na laini za kidijitali. Ukiwa na mojawapo ya hayo, 56K ni rangi ya boksi tu. Na mvua, hiyo kila mtu wa Buruburu anaijua: maji yakiingia kwenye maungio ya kebo, kelele hupanda na kikomo cha Shannon hushuka nacho.

Kuna waliokuwa wakijivunia kuona 115,200 kwenye skrini. Hiyo ilikuwa kasi ya waya kati ya kompyuta na modemu, pale pale mezani.

Mwalimu wetu anasema bodi na biti kwa sekunde ni kitu kimoja. Kweli? (Mwanafunzi, Kabete)

Zamani ilikuwa kweli, kwa hiyo mwalimu wako usimcheke. Bodi, kipimo kilichopewa jina la Mfaransa Émile Baudot wa telegrafu, huhesabu mlio unabadilika mara ngapi kwa sekunde. Kwenye V.21 mlio hubadilika mara 300 na kila badiliko hubeba biti moja, kwa hiyo bodi 300 ni biti 300. Baadaye wahandisi wakapakia biti nyingi kwenye badiliko moja. V.22bis ni bodi 600, kila badiliko biti 4, unapata 2,400. V.32bis ni bodi 2,400 kwa biti 6, unapata 14,400. Hata V.34 yenyewe haizidi bodi 3,429, maana laini haina nafasi zaidi. Ukiona tangazo la zamani la "modemu ya bodi 14,400", mwandishi wake hakuwa anajua alichokuwa akiuza.

Nina klipu ya mlio wa modemu, nataka kuiweka ndani ya wimbo. Kabla sijaikata, nini hasa kinaendelea pale? Ni kelele tu? (Prodyuza, Kayole)

Hakuna hata sekunde moja ya kelele tu pale, kijana. Yote ni mazungumzo, na ukiyajua utakata vizuri zaidi.

Mwanzo unasikia mlio wa laini, kisha namba zikipigwa. Kila tarakimu ni toni mbili kwa pamoja. 5, kwa mfano, ni hezi 770 na 1,336. Halafu simu inaita. Upande wa pili unainua na kutoa mlio mmoja mrefu wa hezi 2,100. Ukisikiliza kwa makini, mlio huo una mikwaruzo midogo, kama kila nusu sekunde hivi. Ni wimbi linageuzwa juu chini kila milisekunde 450, na kazi yake si kwa modemu nyingine bali kwa kampuni ya simu: linaiambia mitambo izime vifaa vya kuondoa mwangwi, kwa sababu modemu zitashughulika na mwangwi wao wenyewe.

Baada ya hapo kuna mlio wa kuyumbayumba, wa haraka. Hizo ni modemu mbili zikitajiana viwango zinavyovijua, kwa ile ile kasi ya biti 300. Hapa ni Gikomba kabisa: mmoja anataja bei ya juu, mwingine anataja aliyonayo mfukoni, na wanamalizana kwa ile wanayoiweza wote wawili.

Kisha kuna sehemu ninayoipenda, na kwenye klipu nyingi hudumu kwa muda mfupi sana. Ni kama kinanda kimekandamizwa funguo zote kwa mkupuo. Kwenye V.34 hizo ni toni 21 zinazopigwa pamoja, kuanzia hezi 150 hadi 3,750. Modemu inayopokea inaangalia zipi zimefika zikiwa na nguvu na zipi zimedhoofika, na kutokana na hapo inaijua laini ilivyo: shaba ni ndefu kiasi gani, kelele iko wapi, sehemu gani ya masafa iachwe. Zamani mtu angeambiwa aende kupima laini kwa vifaa vya maelfu ya shilingi, na hapa vichipu viwili vinaipima kabla hujamaliza kukaa kwenye kiti.

Mwisho ni ule mvumo wa "shhhhh". Hiyo ni data iliyovurugwa makusudi ili nguvu yake isambae sawasawa, na modemu hufanyia mazoezi juu yake. Halafu kimya. Kimya hicho si mwisho wa mlio: spika ndiyo iliyozimwa baada ya kuunganishwa. Mvumo unaendelea kwenye waya muda wote ukiwa hewani. Aliyechoka nao aliiandikia modemu amri ya ATM0 na hakuusikia tena.

Ukitaka cha kuongeza, tafuta mlio wa faksi inayopiga: hezi 1,100, nusu sekunde, kimya sekunde tatu, tena nusu sekunde. Wenye umri wangu tuliusikia tulipoinua simu ya nyumbani usiku na kukuta ofisi ya mtu imekosea namba.

Marehemu mume wangu aliacha mkataba uliotumwa kwa faksi mwaka 1993. Maandishi yamefifia hadi ni kivuli. Nimeambiwa niulaminishe usiharibike zaidi. (Mama, Lang'ata)

Mama, usilaminishe. Tafadhali. Karatasi ya faksi za miaka hiyo mara nyingi haikutumia wino. Ilipakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Mashine ya kulaminisha ni joto tupu. Karatasi yako itaingia na maneno yaliyofifia na kutoka nyeusi yote, na hakuna mtu atakayeweza kuirudisha.

Usiiweke pia kwenye bahasha ya plastiki laini, kwa sababu kemikali za plastiki hizo hula maandishi. Iweke kati ya karatasi nyeupe za kawaida, mahali penye giza na pasipo joto. Kisha ipeleke kwa mtu mwenye skana nzuri, aiskani kwa rangi kamili na si kwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu kivuli kile ambacho macho yako hayakioni vizuri mara nyingi kompyuta hukiongeza nguvu kikasomeka. Fanya hivyo kabla ya kumpelekea wakili. Na kama aliyeituma ile faksi bado yupo, muulize: yeye ndiye aliyebaki na karatasi halisi yenye sahihi ya wino.

Mjukuu anataka kujua: picha moja ya simu yangu ingechukua muda gani kwa modemu za zamani? (Babu, Kasarani)

Tuseme picha ni megabaiti 3, yaani biti milioni 24. Kwa modemu ya biti 300, karibu saa 22. Kwa 2,400 ni saa 2 na dakika 46 hivi. Kwa 14,400 ni kama dakika 28, kwa 33,600 dakika 12, na kwa 56,000 iliyotimia kweli, dakika 7. Hiyo ni bila simu kukatika, na bila mtu wa nyumbani kuinua simu ya sebuleni. V.42bis, ile njia ya kubana data iliyokuwa ikisifiwa kwamba huongeza kasi hadi mara nne, isingemsaidia mjukuu wako hata kidogo. Picha ya JPEG tayari imebanwa, na kilichobanwa hakibaniki tena.

Nilikuwa na duka la dawa. Mashine ya kadi ya benki ilikuwa ikipiga simu kwa laini yetu, na fundi aliniambia inatumia biti 1,200 kwa sekunde. Wakati huo modemu za 56K zilikuwa zimejaa madukani! Benki ilikuwa inatubania? (Ngara)

Hapana, na hapa benki walikuwa na akili kuliko wauzaji wa modemu.

Ujumbe wa kadi ni mdogo: namba ya kadi, kiasi, namba ya mashine, na vikorokoro vichache. Tuseme baiti 300. Kwa biti 1,200 kwa sekunde, ujumbe huo huondoka kwa sekunde 2. Kwa 33,600 ungeondoka ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, ila kabla ya hapo modemu ya V.34 ingehitaji sekunde kumi au zaidi za milio ile niliyomweleza prodyuza wa Kayole, na ya V.90 zaidi ya hapo. Zile za V.22, yaani hizo za biti 1,200, husalimiana kwa sekunde chache tu kwa kuwa hazina la kupima wala la kujadiliana. Mteja aliyesimama kaunta na panadol mkononi angengoja zaidi kwa modemu ya kasi kuliko kwa hiyo ya polepole. Ongeza kwamba 1,200 hupita hata kwenye laini iliyochoka, na utaelewa kwa nini mashine za kadi ziling'ang'ania V.22 na V.22bis miaka mingi baada ya kompyuta kuziacha.

Siku hizi mashine ina laini ya simu ya mkononi ndani yake, na suala hilo limekwisha.

Nani alianza kutumia modemu kwa barua pepe hapa Nairobi? Watu wanasema intaneti ilianza na saiba. (Msomaji, South B)

Saiba zilikuja baadaye sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa mashirika ya mazingira na ya maendeleo hapa Nairobi walikuwa tayari wanaandikiana kwa FidoNet, mtandao uliobuniwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka 1984. Kituo kikubwa cha hapa kilikuwa kwenye ofisi za ELCI, shirika la kimataifa la kuunganisha watetezi wa mazingira. Hakukuwa na kuwa hewani muda wote. Barua zilikusanywa kwenye kompyuta moja, zikabanwa kuwa faili moja, kisha modemu za Nairobi na London zikapigiana simu kwa dakika chache, zikapakuliana mizigo na kukata. Jibu lilikuja kesho yake. Kwa simu za kimataifa za wakati huo, kila sekunde ya V.22bis ilihesabiwa, na mtu aliyeambatisha picha aliitwa pembeni.

Kampuni za intaneti za biashara, Africa Online na Form-Net miongoni mwao, ziliingia katikati ya miaka ya 1990. Laini na njia za kutokea nje zilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu, ambalo mwaka 1999 liligawanywa, upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Njia ya nje ilikuwa setilaiti, na kituo cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970, ndicho kilichokuwa mlango. Mawimbi kupanda hadi setilaiti na kushuka huchukua robo ya sekunde, safari moja tu. Na kwa kuwa kampuni za intaneti hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area ilipaa hadi ng'ambo na kurudi. Kituo cha kubadilishana data hapa nchini, KIXP, kiliwashwa Novemba 2000, kikafungwa baada ya wiki mbili kwa malalamiko ya Telkom, na kikaruhusiwa tena Februari 2002. Lile la kufungwa bado linaniudhi hata leo. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009, modemu ya kupiga simu ilikuwa tayari inaaga.

Kuna mtu Luthuli Avenue ananiuzia faksi ya Super G3, anasema ni mara mbili ya kasi. Ninunue? (Mfanyabiashara, Nairobi Magharibi)

Anasema kweli na bado usinunue. Super G3 hutumia V.34, 33,600 dhidi ya 14,400, na ukurasa wa maandishi huweza kuvuka kwa sekunde chache. Lakini ni mpaka ya upande wa pili nayo iwe Super G3, na laini iwe shaba safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa na fiba, kisanduku chako huenda kikaishusha au kuishindwa kabisa. Uingereza hospitali za umma zilikatazwa kununua faksi mpya tangu Januari 2019. Kama una mteja mmoja anayeitaka bado, tafuta ya kawaida yenye 14,400, ya wino na si ya karatasi ya joto. Ushauri niliompa Mama wa Lang'ata unakuhusu wewe pia.

Hoteli yetu ina mtambo wa simu wa ndani ambao fundi hukagua akiwa mbali kwa modemu. Tangu tuwekewe huduma ya ujumbe wa sauti, modemu inaandika NO DIALTONE na haipigi, ingawa nikiinua simu mlio ninausikia. (Msimamizi wa matengenezo, katikati ya jiji)

Unausikia wewe, kwa sababu sikio la binadamu husamehe. Inua tena usikilize vizuri: mlio huo siku hizi unakatikakatika mwanzoni, kuonyesha kuna ujumbe haujasikilizwa. Modemu imefundishwa kungoja mlio usiokatika, na huo haiutambui. Mitambo ya ndani nayo mara nyingi ina mlio wake tofauti na wa laini ya nje.

Fungua programu ya kuongea na modemu, andika AT ubonyeze Enter. Ikijibu OK, andika ATX3. Hiyo inaiambia isingoje mlio, ipige tu. Amri hizi zilianza na modemu ya Hayes mwaka 1981 na karibu kila modemu inazielewa. Kama lazima mbonyeze 9 kupata laini ya nje, andika ATX3DT9 kisha koma mbili, halafu namba ya fundi. Kila koma kwa kawaida ni mapumziko ya sekunde 2, na hapo mtambo hupata muda wa kukupa laini.

Ikiunganishwa na kukatika ikiandika NO CARRIER, basi si mlio tena. Modemu mbili hazikupatana kasi. Mwambie fundi ashushe yake hadi 9,600, au hata 2,400, kwa kuwa kukagua mtambo ni maandishi matupu. Ukishapata mpangilio unaofanya kazi, andika AT&W ili modemu iukumbuke, la sivyo stima ikipotea na kurudi utaanza upya.